Moto wa Ng'ombe wa Watu

Nilijifunza kukoroga mavi ya ng'ombe kwa mikono mitupu kwa sababu ya kifua cha mwanangu. Naanza hapo kwa makusudi, maana watu wakinisikia nikisimulia wanadhani nilikuwa na hamu ya maendeleo, mke aliyefika kidato cha nne akaja kuwazindua watu wa Qurus, huku Karatu. Sikuwa na hamu ya kitu chochote. Nilikuwa na mtoto ambaye kifua chake kilikwaruza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Alikuwa bado hajajua kukaa alipolazwa mara ya kwanza. Nimonia. Tukatoka, tukarudi. Mara ya pili daktari, kijana tu, pengine rika langu, hakuandika dawa kwanza.

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Kuni."

"Nje au ndani?"

"Ndani. Jiko limeungana na chumba."

"Na mtoto anakuwa wapi ukiwa unapika?"

"Mgongoni."

Akaweka kalamu mezani. "Mama, huyu anakula moshi. Dawa nitakupa leo, na mwezi ujao utamleta tena. Mtoe kwenye moshi. Hapo mimi sina dawa."

Nilimkasirikia. Alisema kana kwamba ile nyumba niliijenga mimi.

Nyumba ni ya mama mkwe wangu. Mimi nimezaliwa Oldeani, kwenye kambi ya vibarua wa shamba la kahawa. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma, wakabaki. Kule kambini tulipikia nje, chini ya bati lililochomoza ukutani, moshi ukaenda ulikotaka. Hapa kwa wakwe moto ni wa ndani. Kuna baridi, na ikifika Juni mlango unafungwa na dirisha linazibwa kwa gunia, moto unawaka kuanzia chai ya asubuhi mpaka watu wanapolala. Mama mkwe anaupenda moto wake jinsi watu wengine wanavyoipenda redio. Hata kama hapiki anausogezea kijiti.

Tuliokuwa tunaishi pale ni yeye, mimi na mtoto, na mashemeji zangu wawili, vijana wakubwa wanaolima na kula. Mume wangu yupo na hayupo. Msimu wa vitunguu anakuwa Mang'ola, anamwagilia na kupakia malori, anarudi mweusi kwa jua na amechoka, analala, anaondoka.

Kwa hiyo suala la nini kinawaka kwenye nyumba ile liliniangukia mimi, na nilianza na umeme. Umeme upo kwetu. Nguzo imesimama kwa jirani, waya ukaingia, tuna taa na mahali pa kuchajia simu, na luku nanunua mimi kwa simu yangu. Rafiki yangu mmoja wa Karatu mjini alinipa jiko la umeme la sahani moja alilokuwa ameacha kulitumia. Nikalichomeka, nikabandika maharage. Mama mkwe akaenda kusimama mbele ya mita. Hajui kusoma sana lakini namba anazijua, na alikuwa anaziangalia zinavyoshuka kama mtu anayetazama damu yake inatolewa.

"Imeshuka," akasema. Baadaye kidogo, "Imeshuka tena."

"Mama, ndivyo inavyofanya kazi."

"Kazi gani? Maharage bado mawe."

Akazima swichi kubwa. Maharage nikayamalizia kwa kuni, mtoto akiwa mgongoni.

Nikahamia kwenye mtungi wa gesi. Mume wangu aliuleta ule mdogo, wenye jiko juu yake, na nikamweleza mama mkwe kwa adabu zote, nimepiga goti, kwamba huu ni wa uji wa mtoto na maji yake ya kuoga, basi. Akaitikia vizuri. Siku ya mnada nilikwenda kuuza mayai, kurudi nikakuta amebandika makande. Makande! Mahindi makavu na maharage, chakula ambacho kwa kuni kinachukua nusu ya siku. Alikuwa amekaa pembeni anaufurahia ule moto wa bluu, amenyoosha miguu. Mtungi ukazima kabla mahindi hayajalainika.

"Kumbe kinaisha?" aliniuliza. Alikuwa anauliza kweli.

Kujaza ni Karatu mjini. Nilibeba mtungi kwa bodaboda, duka la kwanza wakasema wa rangi hiyo umeisha, subiri gari lije. Duka la pili walikuwa nao tele wa rangi nyingine, na mtungi wangu hawaupokei. Nikarudi nao mtupu, umelala mapajani kama mtoto wa pili. Mvua zilipoanza bodaboda wakaacha kuja kabisa kwa sababu ya tope, mtungi ukageuka kiti.

Ndipo nikasikia habari za gesi ya samadi. Kuna fundi alikuwa anajenga mitambo hiyo vijijini, nikamfuata alipokuwa anafanya kazi, nikauona moto kwa macho yangu. Bomba linatoka ardhini, linaingia jikoni, moto unawaka. Hakuna moshi wala luku wala bodaboda. Nilisimama mbele ya lile jiko mpaka mwenye nyumba akaanza kuniangalia vibaya.

Fundi alikuja kwetu siku mume wangu yupo. Akapima uwanja kwa hatua, akauliza jambo moja la maana.

"Ng'ombe mnao? Nataka wa kufungiwa, angalau wawili. Wa kuchungwa wananinyima mali, wanaiacha njiani."

"Tunao wawili," mume wangu akasema.

Na kweli walikuwepo. Majike wawili zizini, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa. Niliwakuta nilipoolewa. Niliwakatia matete, niliwakamua, mmoja alinipiga teke la goti nikachechemea. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pale pale, akasikia, akaendelea kupepeta mbegu zake.

Tuliuza maharage ya msimu mzima, mume wangu akaongeza cha vitunguu. Mashemeji walichimba shimo. Fundi akajenga tufali na saruji mpaka likawa kama chungu kikubwa kilichozikwa. Akaacha na bomba la pili ubavuni, akaliziba. "Hili ni la choo, siku mkitaka," akasema, na mashemeji wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kazi ya kulisha ule mtambo ilikuwa yangu. Kila asubuhi nazoa samadi, naitia kwenye beseni la saruji, naongeza maji kiasi kile kile, nakoroga na kutoa mawe na majani kwa mkono, maana ukiacha jani refu linaziba bomba. Harufu inaingia kwenye kucha. Nilikuwa nakula kwa kijiko. Halafu nafungua, tope linashuka, na upande wa pili linatoka tope jingine lililotumika, naenda kulimwaga kwenye migomba.

Na moto ukawaka. Mfupi, wa bluu, unavuma taratibu. Mama mkwe alinusa sufuria ya kwanza ya chai kabla ya kunywa, akanywa, akaongeza kikombe. Baada ya siku chache aling'oa mafiga yake mwenyewe na kuyatupa nyuma ya nyumba, akasema yanamkwaza miguu. Gunia la dirishani likatolewa. Kuta zikabaki nyeusi lakini hazikuongezeka weusi. Na mwanangu akaacha kukwaruza. Nilikuwa naamka nausikiliza usingizi wake na hakuna kitu cha kusikia. Akakaa, akatambaa, akasimama ameshika mguu wa meza. Hakulazwa msimu ule wala uliofuata.

Halafu akaja baba mkubwa.

Ni kaka yake marehemu baba mkwe, anakaa upande wa pili wa kata, mzee wa koti na kofia. Alifika asubuhi nikiwa nimetoka kukoroga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Nasikia huku mnapikia mkojo wa ng'ombe."

"Samadi, baba. Inatoa hewa, hewa ndiyo inawaka."

"Hewa! Tangu lini?" Akainama kuchungulia chini ya jiko, akanyoosha kidole akaungua. "Aisee."

Nikamwekea chai. Wakaanza kuongea na mama mkwe Kiiraqw. Nakielewa kiasi, cha salamu na cha shambani, na nilisikia wanarudia ng'ombe, ng'ombe. Mama mkwe alikuwa anajibu akiangalia sakafu. Mwisho mzee akanigeukia.

"Mkwe, nimekuja kuwaangalia ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako gani, baba?"

"Hawa hapa. Kijana wangu anaoa Mbulu, wakwe wamesema wanataka wenye uzao. Hawa wana uzao."

Nilimwangalia mama mkwe. Hakuinua macho. Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuelewa kwa kuambiwa na mtu, nilielewa kwa vile hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Mambo yako hivi, na watu wote wa pale wanayajua tangu wakiwa matumboni. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anawagawa, mmoja kwa shemeji, wawili kwa mdogo wake, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ugonjwa ukiingia usimalize wote, na jirani asijue ana wangapi. Anayewalisha anakunywa maziwa na samadi ni yake. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Na yule anayewalisha akiulizwa anasema ni wangu, na hakuna anayemwona mwongo, maana kusema ni wa fulani ni kumvua fulani nguo hadharani. Mume wangu alimwambia fundi tunao wawili kwa roho nyeupe kabisa. Tukazika maharage ya msimu mzima ardhini kwa ajili ya ng'ombe wa watu.

"Baba," nikasema, "ule mtambo bila ng'ombe ni shimo."

"Pole. Hata mimi nilikuwa nataka kuongea hilo." Akavuta kiti. "Maziwa umekunywa, halali yako. Samadi ni yako, sina ubishi. Ila gesi hatukuongea. Mimi kule nanunua mkaa, na ng'ombe wangu huku wanawaka kila siku. Hilo limekaaje?"

"Gesi ni samadi, baba."

"Samadi inakaa shambani, naiona. Hiyo gesi unaiona wewe?"

"Naiona. Ni ya bluu. Imekuchoma kidole."

Mama mkwe akacheka ndani ya khanga yake, akajizuia. Mzee naye akatabasamu. Mimi sikucheka.

"Niachie mmoja."

"Mmoja wa nini?"

"Mmoja anapika uji wa mtoto. Huyu akirudi kwenye moshi anarudi wodini. Daktari alisema."

"Mkwe, nipeleke Mbulu ng'ombe mmoja? Wataniuliza mwenzake amekufa njiani." Akamnyooshea mtoto kidole kile kilichoungua, mtoto akakishika. "Mbona mzima huyu. Ana mashavu."

Alikuwa na mashavu kwa sababu ya ule moto. Nilisema hivyo. Mzee akaitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtu anayeongea habari za mvua, akanywa chai yake mpaka ikaisha.

Nilimpigia mume wangu simu pale pale uani.

"Ulimwambia fundi tunao."

"Tulikuwa nao."

"Si wetu."

"Wako zizini kwetu, unawalisha wewe, unawakamua wewe. Ni wa nani sasa? Ndivyo tunavyosema huku."

"Huku wapi? Mimi nalala na wewe kitanda kimoja, hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Niulize ng'ombe ni wa nani? Nikuulize na mtoto ni wa nani?"

"Mama mtoto, usianze. Nipo kwenye lori."

Nikakata. Wiki ile ile vijana wa mzee walikuja na kamba. Yule wa madoa aligoma getini, wakampiga, akaenda. Niliingia zizini nikazoa samadi ya mwisho, yote, mpaka ile iliyokauka kwenye kona, nikaikoroga. Sikulia. Nilikuwa najiangalia nikikoroga kama mtu anayemwangalia jirani.

Moto haukuzima siku ile. Mtambo una akiba yake tumboni. Ukawa mfupi, ukawa wa kuzima mlango ukifunguliwa. Nikaanza kwenda kuomba samadi kwa majirani, na ndoo kichwani. Mwanzoni walinipa, na walinicheka. "Leo unatafuta mkaa wa ng'ombe?" Halafu ukafika wakati wa kuandaa mashamba na kila mtu akaitaka yake.

"Dada yangu, na mahindi yangu nayo yanakula," mama mmoja aliniambia, na alikuwa na haki, na bado nilitamani kumpiga na ile ndoo.

Asubuhi moja nikakuta mafiga yamerudi jikoni. Mama mkwe alikuwa amekwenda mwenyewe nyuma ya nyumba, ameyaokota, ameyapanga pale pale, amewasha. Watu wazima wanne wanataka ugali, na moto wangu hauchemshi hata maji ya kunawa. Sikugombana. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kukaa nje kwenye upepo, na baridi ya Karatu mnaijua, ukikaa nje na mtoto wa kifua umekosea, ukikaa ndani umekosea. Nilijaribu kumwacha chumbani na kuziba chini ya mlango kwa nguo. Moshi unapita juu. Ukuta wa chumba chetu haufiki kwenye bati.

Akaanza tena kukwaruza. Akalazwa.

Daktari ni yule yule. "Si uliniambia mmehamia gesi?"

"Ng'ombe wamekwenda kuoa."

Akafikiri namtania. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Walimwekea mtoto mpira wa hewa puani na nikakaa naye, namshika mkono asiung'oe. Nilikuwa natafuta hasira yangu na siioni. Ipo, naijua, ni kama mguu uliokufa ganzi, unaugonga unajua ni wako. Mama mkwe alikuja kutuona, ameleta uji kwenye chupa ya chai. Uji ulikuwa unanuka moshi. Nilimnywesha mtoto, ningefanyaje.

Pale kwenye benchi la korido ya wodi nikakumbuka lile bomba la pili. Nikampigia fundi.

"Lipo," akasema. "Nililiziba tu. Unajenga choo kidogo juu yake, sinki ya kuchuchumaa, maji kidogo ya kusukuma, kinashuka chenyewe. Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi, mama mkwe, mashemeji wawili. Mume akiwepo."

"Mashemeji wanakula?"

"Wanakula kama wanalipwa."

"Basi mna mtaji." Akacheka, nikamsubiri amalize. "Ugali usahau. Ukiongeza maganda, mabaki ya chakula, na kindoo cha samadi ukikipata, chai utapika."

"Na uji?"

"Uji wa mtoto unatosha."

Tulipotoka hospitali nilimweleza mama mkwe siku hiyo hiyo. Nilipiga goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nina akili timamu.

"Sitakula ugali uliopikwa na choo."

"Ni hewa tu, mama. Ile ya ng'ombe nayo ilikuwa inatoka kwenye mavi."

"Ng'ombe anakula majani. Wewe unakula nini?"

Shemeji mdogo akasema, "Mama, mimi nitakula pilau ili moto uwe mzuri," akapigwa na mwiko.

Mume wangu kwenye simu alicheka, kisha akasema tusiaibishe nyumba kwa wageni wa harusi. Nikamwambia mtoto wake alikuwa na mpira puani. Akasema tutaongea nikirudi. Kila kitu kwake ni nikirudi.

Siku ya harusi wote walikwenda Mbulu, na mume wangu akaunganisha huko huko akitokea Mang'ola. Mimi nilibaki kwa sababu ya mtoto, hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimeshauza gunia la vitunguu alilonipakilia mume wangu kwenye lori ili ninunue nguo ya sherehe. Fundi alifika na msaidizi, tukaanza mchana kweupe, sikuwa na cha kuficha, nilikuwa na cha kumaliza. Nilibeba tufali. Nilichanganya saruji. Walizibua lile bomba, wakaweka sinki, wakazungushia mabati matatu ya zamani na pazia. Mtoto alikuwa amekaa kwenye beseni kivulini, anakwaruza na kucheza na kijiko.

Walirudi kesho yake, wamevaa vizuri, wamechoka, mama mkwe anasimulia jinsi wale ng'ombe walivyosifiwa. Akafika uani akasimama.

"Umejenga choo?"

"Nimejenga."

"Kinakwenda wapi?"

"Jikoni."

Nilimwangalia machoni nilipomjibu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mashemeji wakaangalia miguu yao. Mume wangu akasema, "Mama mtoto," akaishia hapo.

Nilisubiri mama mkwe anipige au anifukuze. Nilikuwa nimeshafunga nguo za mtoto kwenye mkoba, tungekwenda Oldeani kwa wazazi wangu, tungelala hata sakafuni. Mama mkwe aliingia jikoni, nikasikia vyombo. Akatoka na sufuria yake kubwa. Akarudi, akatoka na mwiko na ungo. Halafu akatoka na figa, moja moja, amelikumbatia tumboni, na nguo zile za harusi zikachafuka majivu. Hakwenda nyuma ya nyumba. Alivuka uani mpaka zizini, mahali ambapo walikuwa wanasimama wale ng'ombe, akayapanga, akaniambia bila kugeuka:

"Sipikii chakula changu kwenye nyumba inayopumua choo."

Nami nilikuwa nimesimama na mkoba mkononi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba moshi umetoka ndani.

Tangu hapo tuna majiko mawili. Zizi lina bati juu na ukuta nusu, upepo unapita. Ugali wa watu wote unatoka huko. Moto wangu ulichukua muda kurudi, na ni mdogo, ule wa kupika uji na kuchemsha maji ya kuoga, na chai kama nimepata maganda ya kutosha. Choo kile mashemeji wanakitumia kwa sababu kina saruji na hakinuki kama lile shimo la zamani. Mama mkwe anakwenda kwenye shimo la zamani, mvua inyeshe isinyeshe. Mume wangu akija anakula zizini na mama yake, halafu anaingia jikoni kimya kimya.

"Kuna chai?"

"Ipo."

Hataki kujua zaidi. Anakunywa amesimama. Siku moja mama yake akamwita kutoka zizini, amekunywa nini kule ndani? "Maji," akajibu, na kikombe kinafuka mvuke mkononi.

Mtoto sasa anatembea. Anaongea maneno yake. Daktari alimsikiliza kifua akasema kiko safi, akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia choo, akacheka tena. Majirani wananiambia nimeshinda. Sijui nilimshinda nani. Mume wangu bado hajaniambia kwa kinywa chake kwamba alijua wale ng'ombe si wetu, na mimi bado namkatia simu. Baba mkubwa alipita akakataa hata maji. Mama mkwe nampelekea kuni, nazipasua ndogo ndogo ili ziwake haraka, hilo nalifanya. Nilimwambia mara moja achague kuni kavu, mbichi zina moshi. Akaniambia nimwachie moto wake.

Mvua za mwaka huu zimekuwa na upepo wa upande, unaingia zizini na kurudisha moshi chini. Mwanangu analala chumbani, simsikii. Namsikia mama mkwe, ng'ambo ya uani, anakohoa. Anaanza kabla chai haijachemka, anakohoa akisonga ugali, anakohoa akipakua. Nakisikiliza kifua chake kama nilivyokuwa nakisikiliza cha mwanangu. Nainuka kuangalia uji usifurike, nautoa motoni, nafunga koki.